MBWA NA FARASI KIBETE: NANI KICHWA, NANI KILAZA?

Kuna mabishano hayaishi duniani. Simba na Yanga. Wali na ugali. iPhone na Android. Na huko Marekani kuna bishano jingine ambalo ukilisikia mara ya kwanza lazima ucheke: kati ya mbwa na farasi kibete, nani ana akili zaidi?

Usicheke sana lakini. Farasi kibete siyo katuni. Ni farasi kamili, ana kwato, ana mkia, anakula majani, ila urefu wake begani hauzidi inchi 34, sawa na sentimita 86 hivi. Ukimsimamisha pembeni ya meza ya kulia chakula, mgongo wake unaizidi meza kidogo tu.

Kinachofanya bishano hili liwe zito ni kwamba wanyama hawa wawili wanagombea kazi moja: kumwongoza mtu asiyeona. Kumshusha ngazi, kumvusha barabara, kumfikisha kazini. Hapo ndipo utani unapoishia. Ukichagua simu mbovu, unaiuza. Ukichagua macho mabovu, unagongwa na gari.

DADA WA DETROIT

Kuna dada mmoja wa maeneo ya Detroit, jimbo la Michigan. Magazeti ya huko yalimwandika sana, ila hapa anatosha kuitwa dada. Wazazi wake ni wahamiaji kutoka Jordan, Waislamu wa kushika dini. Yeye haoni tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kuhakiki vitabu vya nukta nundu, vile vinavyosomwa kwa vidole.

Ndoto yake kubwa ilikuwa mbwa mwongozaji. Siyo gari, siyo safari ya Dubai. Mbwa. Maana mtu mwenye mbwa aliyefunzwa anatoka mlangoni saa anayotaka, anapanda basi, anaenda kwenye mishe zake bila kumsubiri kaka au mama ampe mkono. Kwa anayeona hilo ni jambo dogo, hata halifikirii. Kwa asiyeona, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuishi na kusubiri.

Tatizo ni kwamba nyumbani kwao mbwa haingii.

Msomaji wa Tanga, Zanzibar au Mombasa hahitaji maelezo marefu hapa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani wanayafuata, mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wamaliki wana msimamo mwepesi zaidi, na wapo wanazuoni wanaoruhusu mbwa wa kazi. Lakini ruhusa ya kitabuni ni kitu kimoja, na moyo wa wenye nyumba ni kitu kingine. Mbwa hapiti sebuleni wanaposwali watu, basi, mjadala umefungwa.

Kwa hiyo dada akawa njia panda. Upande mmoja heshima ya wazazi, upande mwingine uhuru wake. Na yeyote aliyelelewa kwenye nyumba yenye maadili anajua kwamba hapo hakuna jibu rahisi.

Mwaka 2009, akiwa na miaka 28, akampata Cali. Farasi kibete, jike. Farasi hana shida ya unajisi. Nyumba ikamkubali, dada akashika hatamu, na safari za basi zikaanza, yeye na farasi wake. Baadaye alikwenda hadi Chuo Kikuu cha Michigan State, bado yuko na farasi ubavuni.

Stori tamu. Lakini swali la mashabiki wa mbwa linabaki palepale, na linauma: sawa, dini imeheshimiwa, wazazi wamefurahi, ila je, huyu dada hakukubali macho ya daraja la pili? Kama mbwa ndiye kichwa na farasi ndiye kilaza, basi heshima yake kwa wazazi inaweza kumgharimu roho siku moja pale kwenye taa za barabarani. Ndiyo maana inabidi bishano lichukuliwe kwa uzito wake.

UPANDE WA MBWA

Mashabiki wa mbwa wana silaha nzito, tena nyingi.

Ya kwanza ni jike mmoja wa aina ya border collie aliyeitwa Chaser, wa jimbo la South Carolina. Bosi wake, profesa mstaafu wa saikolojia, alimfundisha majina ya midoli 1,022. Kila mdoli na jina lake. Ilichukua miaka mitatu, masaa manne hadi matano kwa siku. Ukimtuma mdoli fulani, anauleta huohuo. Kali zaidi, ukiweka mdoli mpya katikati ya ile anayoijua, halafu ukataja jina ambalo hajawahi kulisikia, anapiga hesabu mwenyewe: hii yote naijua, basi jina geni ni la huu mgeni. Anaubeba, anauleta. Wapo binadamu wamesoma darasa moja miaka minne na hawajui majina ya nusu ya wenzao.

Silaha ya pili ni historia. Mbwa ameishi na binadamu kwa miaka 15,000 na zaidi, kabla hata watu hawajaanza kulima. Farasi wa kufugwa wa leo, kwa ushahidi wa vinasaba, asili yake ni nyika za kusini mwa Urusi, kama miaka 4,200 iliyopita. Mbwa kamtangulia mbali mno kukaa na watu.

Ya tatu ndiyo tamu. Watafiti wa Budapest, Hungaria, waliwapa mbwa na mbwa mwitu mtihani usiowezekana. Chakula kipo, kinaonekana, ila hakitoki. Mbwa mwitu hao walikuwa wamelelewa mikononi mwa watu tangu wadogo, kwa hiyo usiseme walikuwa waoga. Mbwa mwitu alipambana mwenyewe mpaka mwisho. Mbwa alijaribu kidogo, akaona ngoma nzito, akageuka akamtazama mtu usoni kama anasema, "Kaka, nisaidie basi." Matokeo hayo yalitoka mwaka 2003.

Unaweza kusema mbwa ni mvivu. Au unaweza kusema mbwa alijua mapema kwamba mjini ni kujuana. Akili yake kubwa ni kumsoma binadamu: kidole chako kinaelekea wapi, macho yako yanatazama nini, sauti yako leo imeamkaje.

Ila kuna kitu cha kuangalia hapa. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren alitoa kitabu chenye orodha ya akili za mbwa kwa aina zao. Border collie wa kwanza, poodle wa pili, German shepherd wa tatu. Afghan hound akashika mkia. Watu wakaibeba ile orodha kama matokeo ya NECTA. Lakini wale walioulizwa walikuwa majaji wa mashindano ya utii wa mbwa. Kwa hiyo aliyepanda juu ni yule anayeelewa amri haraka na kuitekeleza haraka. Afghan hound kazi yake ya asili ni kukimbiza mawindo kwa macho, mbali kabisa na bosi wake, akiamua mwenyewe akate kona wapi. Mtu wa kujitegemea amepewa sifuri kwenye somo la kusema "ndiyo mzee".

Halafu jiulize hili. Mafunzo rasmi ya mbwa waongozaji yalianza Ujerumani mwaka 1916, kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka vitani. Leo vyuo vingi duniani vinamtumia zaidi Labrador. Kwa nini wasimchukue namba moja wa orodha, border collie? Kwa sababu border collie kichwa chake hakitulii, kila kinachokimbia anataka kukichunga. Labrador anapozwa na mazingira, anavumilia kelele, anavumilia kusubiri. Kumbe hata ndani ya mbwa wenyewe, anayeshinda mtihani siyo lazima ndiye anayepata kazi.

UPANDE WA FARASI

Farasi ana skendo ya zamani inayomfuata mpaka leo.

Berlin, mwaka 1904. Mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, von Osten, alikuwa na farasi aitwaye Hans. Ukimuuliza Hans mbili jumlisha tatu, anagonga kwato mara tano. Ukimuuliza tarehe, anagonga. Mji mzima ukaenda kushangaa. Tume ikaundwa kuchunguza kama kuna utapeli, ikakosa. Ndipo akaja mchunguzi mwingine, Oskar Pfungst, akagundua kitu: kama muulizaji mwenyewe hajui jibu, Hans naye hajui. Kama Hans hamwoni muulizaji, anafeli. Mwaka 1907 siri ikawekwa hadharani. Watu walipomuuliza swali walikuwa wanainama kidogo bila kujijua, na kwato zikifika idadi sahihi, kichwa chao kinainuka kwa mwendo mdogo mno. Hans akiona hivyo, anaacha kugonga.

Watu wakacheka, wakaondoka. Farasi hajui hesabu, kumbe ni msanii tu.

Lakini rudia kuisoma hiyo stori taratibu. Mnyama amesimama mbele ya kundi la watu wageni, anasoma mwendo wa kichwa ambao mwenye kichwa mwenyewe hajui kama ameufanya, na wanatume wazima hawakuuona. Kama hiyo siyo akili, neno akili lina maana gani? Hans alifeli hesabu, akafaulu somo jingine ambalo hakuna aliyekuwa amemtungia mtihani wake.

Zaidi ya miaka mia baadaye, mitihani sahihi ikaanza kutungwa. Mwaka 2016 watafiti wa Norwe waliwafundisha farasi 23 kutumia ubao wenye alama. Alama moja maana yake "nivalishe blanketi", nyingine "nivue", nyingine "niache hivihivi". Ndani ya wiki mbili wote walishika. Na hawakuwa wanagusa ovyo. Siku ya baridi na mvua waliomba blanketi, siku ya jua waliomba kuvuliwa. Farasi anakwambia anachojisikia na wewe unatekeleza. Hapo nani anamfuga nani?

Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, kiliwaonyesha farasi 28 picha za sura za wanaume, nyingine zimenuna, nyingine zinatabasamu. Kwa sura iliyonuna, farasi waligeuza kichwa kutazama kwa jicho la kushoto, na mapigo ya moyo yakapanda haraka zaidi. Miaka miwili baadaye wakaenda mbele: farasi aliyeona asubuhi picha ya mtu amenuna, alipokutana na mtu huyohuyo baadaye siku ileile, sura ya kawaida tu, bado alimtazama kwa tahadhari. Yaani farasi ana kinyongo, tena cha kumbukumbu.

Na ule mtihani wa mbwa kuomba msaada? Watafiti wa Kobe, Japani, waliufanya kwa farasi. Wakaweka chakula mahali farasi hawezi kufika. Farasi alimfuata mtunzaji wake, akamtazama, akamgusa, akamsukuma. Na kama mtunzaji hakuwepo chakula kilipofichwa, farasi alimsumbua zaidi. Ina maana anajua kwamba huyu hajui. Kuna watu wako kwenye uhusiano mwaka wa tatu na hawajafika hatua hiyo.

Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Nottingham Trent kikafunga kazi. Farasi 20 walicheza mchezo wa kugusa kadi na kupata zawadi. Kisha ikawekwa sheria: taa ikiwaka, usiguse. Farasi wakaendelea kugusa kama hawajasikia. Watafiti wakaweka adhabu: ukigusa taa ikiwa inawaka, mchezo unasimama kwa sekunde kumi. Farasi wakabadilika palepale, makosa yakashuka ghafla. Tafsiri ya watafiti ni kwamba farasi walikuwa wameielewa sheria muda wote. Walikuwa wanaipuuza kwa sababu haikuwa na hasara. Dereva wa bodaboda na taa nyekundu ni habari hiyohiyo.

Tafiti hizi zilihusu farasi kwa ujumla, lakini farasi kibete ni farasi walewale. Ni aina iliyofupishwa kwa kuchagua wazazi wafupi kizazi baada ya kizazi, kama chihuahua alivyo mbwa yuleyule. Mwili ndio umepungua.

MWINDAJI NA MWINDWAJI

Ukitaka kuelewa kwa nini akili zao hazifanani, anza na swali moja: zamani, nani alikuwa anamla nani?

Mbwa ametokana na mwindaji wa kundi. Macho yake yako mbele. Anapanga na wenzake, anamsikiliza kiongozi, anafuata kitu mpaka akipate. Mpe kazi yenye zawadi, atakufa nayo. Ila udhaifu wake unatoka hukohuko: paka akipita, harufu ya nyama choma ikipita, mwindaji wa ndani anaamka. Mafunzo ya mbwa mwongozaji sehemu kubwa ni kumlaza huyo mwindaji.

Farasi ametokana na anayewindwa. Macho yake yako pembeni, anaona karibu duara lote, kama nyuzi 350. Hahitaji kugeuka kujua kuna kitu kinakuja ubavuni. Hakuna anachokiwinda, kwa hiyo paka akipita ni paka tu. Akili yake imejengwa kwa swali moja, mchana na usiku: je, hapa ni salama? Kwa mtu anayetaka kuvuka barabara, hilo ndilo swali lenyewe.

Ila naye udhaifu wake unatoka hukohuko. Anayewindwa akishtuka, anakimbia kwanza, anafikiri baadaye. Mfuko wa plastiki ukipeperuka, kwake unaweza kuwa simba. Kwa hiyo mafunzo ya farasi mwongozaji sehemu kubwa ni kumzoesha: honi, lifti, mashine za dukani, watoto wanaopiga kelele, mpaka dunia iache kumtisha.

Kwa hiyo mbwa anakutazama wewe, farasi anaitazama dunia. Ukiwaweka kwenye mtihani wa kumtazama binadamu, mbwa atashinda karibu kila siku. Ukisema basi mbwa ana akili zaidi, umempima samaki kwa kupanda mti.

MTIHANI WENYEWE NI KUKATAA

Sasa inakuja sehemu ambayo mashabiki wa pande zote mbili huwa wanaisahau.

Kiswahili kina msemo, punda afe mzigo ufike. Ni msemo wa mnyama anayetii mpaka mwisho. Mnyama wa kumwongoza asiyeona anatakiwa kuwa kinyume kabisa cha huo msemo. Bosi akisema "twende", na kuna gari linakuja kimyakimya, mnyama lazima agome. Bosi akisukuma, asimame imara. Bosi akikasirika, bado asimame. Na gari likishapita, aendelee na safari kama hakuna kilichotokea, bila kinyongo.

Wakufunzi wanaita jambo hilo ukaidi wa akili, na ndilo somo gumu kuliko yote. Kumfundisha mnyama kutii ni rahisi. Kumfundisha atii siku zote isipokuwa pale utii utakapoua, hapo ndipo pana kazi. Anatakiwa ajue amri, ajue hatari, azipime zote mbili, kisha awe na ujasiri wa kumwambia anayemlisha: hapana.

Mbwa wamelifaulu somo hili kwa zaidi ya miaka mia. Farasi wakaingia darasani mwaka 1999, pale mume na mke wa North Carolina walipoanza kuwafundisha farasi vibete kazi ya kuongoza. Mwaka 2001 jamaa mmoja wa jimbo la Maine alianza kuongozwa na farasi aitwaye Cuddles. Na kanuni za Wizara ya Sheria ya Marekani zilizoanza kutumika Machi 2011 zinawatambua: mnyama wa huduma ni mbwa, lakini farasi kibete aliyefunzwa naye anatakiwa kuruhusiwa pale inapowezekana, kwa kuangalia kama anajua adabu ya haja zake, kama anadhibitika, kama ukubwa wake unaenea pale mahali, na kama hahatarishi usalama.

Soma tena hivyo vigezo vinne. Hakuna hata kimoja kinachouliza nani ana akili zaidi. Mnyama akishaweza kukataa kwa akili, sheria inauliza mengine tu: anaenea? anadhibitika? ni salama?

BEI YA KILA MMOJA

Hakuna mnyama wa bure. Mbwa mwongozaji anafanya kazi miaka nane hadi kumi hivi, kisha anastaafu. Asiyeona aliyeanza akiwa na miaka ishirini anaweza kuwazika mbwa watano au sita maishani, na kila mara anaanza upya kumwamini mwingine. Yule jamaa wa Maine alishawahi kuumia sana kwa kifo cha mbwa aliyempenda, na hakutaka kurudia msiba huo kila miaka michache. Farasi kibete anaweza kufika miaka thelathini. Hiyo ni ndoa.

Lakini ndoa ina gharama. Farasi anataka majani, anataka uwanja, anataka kwato zitengenezwe. Ghorofani humpeleki. Chini ya kiti cha basi hajikunji. Na kanuni za usafiri wa anga za Marekani zilizoanza Januari 2021 zinasema mnyama wa huduma ndani ya ndege ni mbwa tu, kwa hiyo shirika likimkataa farasi halijavunja sheria. Mwenye farasi anaweza kuwa na macho bora duniani na bado akaachwa getini. Ndiyo maana farasi waongozaji mpaka leo ni wachache sana, na mbwa ni maelfu.

Mwaka 2018 ilitoka habari nyingine kama ya dada, safari hii Uingereza. Mwandishi wa habari mmoja kijana, haoni vizuri, alianza mazoezi na farasi kibete kwa sababu anaogopa mbwa. Anawaogopa kweli, siyo utani. Mwambie huyo kwamba Chaser alijua midoli 1,022. Itamsaidia nini, kama mkono wake unatetemeka kabla hajashika kamba?

NA HUKU BONGO?

Kwa jua la Dar, mitaro isiyofunikwa na bodaboda zinazopita juu ya njia ya waenda kwa miguu, usitegemee kumwona farasi kibete pale Kariakoo kesho. Lakini stori ya dada siyo ya mbali kiasi hicho.

Pita mjini utamwona mzee asiyeona, mkono wake uko begani kwa mtoto. Mtoto ndiye mbwa, mtoto ndiye farasi. Saa nne asubuhi, siku ya shule. Hakuna anayeuliza mtoto huyo ana akili kiasi gani, japo akili yake ilitakiwa iwe darasani saa hiyo. Watu wanatoa mia mbili, wanaendelea na safari.

Na usidhani Tanzania haijui kumpa mnyama kazi inayofanana na kipaji chake. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alinusa mabomu ya ardhini 71 huko Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza. Hakuna aliyewahi kumuweka panya buku kwenye orodha ya wanyama vichwa. Alikuwa na pua, alikuwa mwepesi kiasi cha kutolipua bomu, na kuna mtu alikaa chini akafikiri.

Kwa hiyo nani kichwa? Mbwa ni kichwa kwa kumsoma binadamu. Farasi ni kichwa kwa kuisoma hatari, na watu anawasoma kuliko wengi wanavyodhani. Dada wa Detroit hakukubali macho ya daraja la pili. Alichagua macho yanayoweza kupita kwenye mlango wa wazazi wake, na macho yasiyopita mlangoni hayamwongozi mtu popote, hata yawe na akili kiasi gani. Aliondoka nyumbani bila kugombana na nyumbani. Vijana wenye macho mawili mazima wangapi wameweza hilo?

Haya mdau, uwanja ni wako. Fumba macho, umesimama Ubungo, saa kumi na mbili jioni, magari yanatoka kila upande na unatakiwa kuvuka. Kushoto kwako yuko mbwa, kulia yuko farasi kibete. Unashika kamba ya nani? Na ukisema "twende" yeye akagoma, utamwamini? Dondosha jibu lako hapo chini.